Baba anataka kuacha warfarini ashike manjano na kitunguu saumu

Shikamoo Mfamasia,

Mimi ni kitinda mimba wa familia yetu na ndiye ninayekaa na baba. Ana miaka 68. Moyo wake hupiga bila mpangilio, na tangu madaktari walipoligundua hilo amekuwa akimeza warfarini kila jioni ili damu isigande moyoni ikamletea kiharusi. Kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kilikuwa kikicheza kati ya 2 na 3, kliniki wakaridhika, nami nikawa nalala usingizi.

Kisha shangazi, dada yake baba, akaja kututembelea na chupa yake. Ndani mna kitunguu saumu kibichi kilichosagwa na tangawizi, manjano, ndimu na asali. Baba anakunywa vijiko viwili asubuhi na viwili usiku. Juu ya hapo kaletewa vidonge vya manjano ambavyo lebo yake inasema vimeongezwa pilipili manga. Shangazi anasema mimea hii inalainisha damu kwa njia ya asili, na kwamba warfarini ni sumu ya panya iliyobandikwa jina jingine. Baba alifurahi kusikia hivyo, maana amechoka kuchomwa sindano za kupimwa damu na kuambiwa ale hiki aache kile. Sasa anasema dawa iliyobaki ikiisha, hafuati nyingine.

Kwa sasa anatumia vyote kwa pamoja. Nimeanza kuona damu kwenye mswaki wake, na juzi alijigonga mkono kidogo tu mlangoni, damu ikavilia pakawa peusi mpaka karibu na kiwiko. Wiki ijayo ana miadi ya kung'olewa jino. Kliniki hawajui habari ya chupa. Baba amenikataza kusema kwa kuogopa kukaripiwa.

Nimesoma huku na huku nikazidi kuchanganyikiwa. Wapo wanaosema mimea hii inayeyusha damu kweli, na wapo wanaosema ni uzushi mtupu. Ukweli ni upi? Inaweza kushika nafasi ya warfarini? Nimwambieje shangazi, ambaye ndiye aliyenilea mama alipofariki, bila kumvunjia heshima? Na chai ya tangawizi, ambayo baba ameinywa maisha yake yote, nayo tuiondoe?

Kitinda mimba

*

Marahaba, mwanangu.

Maswali yako nitayajibu, lakini kuna jambo haliwezi kungoja mwisho wa barua. Chupa na vile vidonge vya manjano visimame leo. Kisha, kabla baba hajameza dozi ya jioni, ipigie simu kliniki yake, uwaeleze kila alichokuwa akitumia pamoja na hizo fizi na huo mkono, na uombe apimwe INR leo au kesho. Wao ndio watakaosema ameze, apunguze au aruke. Usiamue wewe, wala asiamue yeye. Baba atakasirika kwamba umesema. Akasirike.

Usingoje simu ya mtu, mpeleke hospitali moja kwa moja, ukiona choo cheusi kama lami au chenye damu, mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawia, anatapika damu, pua inavuja na haikomi baada ya kuibana kwa dakika kumi, au kichwa kinamuuma ghafla kwa namna asiyoizoea. Akianguka na kugonga kichwa, nenda hata kama ameinuka na anacheka. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea au maneno kuvurugika ni dalili za kiharusi, na hapo kila dakika ina thamani.

Sasa tuje kwenye ukweli uliouliza. Shangazi yako hajazua. Mimea mingi kati ya hiyo inagusa kweli kazi ya kuganda kwa damu, na waliokuambia ni uzushi mtupu wamekupotosha kuliko yeye. Tatizo linaanzia hapohapo: kitu chenye nguvu juu ya damu, ambacho hakuna anayejua kina nguvu kiasi gani ndani ya kijiko kile, kimeongezwa juu ya dawa ambayo dozi yake hupimwa kwa miligramu.

Ukikatika, mwili huziba tundu kwa hatua mbili. Kwanza chembe sahani, vile vipande vidogo vinavyoelea kwenye damu, hukimbilia penye jeraha na kunatana. Kisha protini zinazotengenezwa na ini huamshana moja baada ya nyingine mpaka zifume nyuzi za kulishikilia donge. Chembe sahani ni mawe, protini ni saruji. Warfarini hushughulika na saruji: inazuia mwili kuitumia tena vitamini K, na bila vitamini hiyo ini hutoa protini nne za kugandisha damu zikiwa dhaifu. Damu yenyewe haiwi majimaji, uzito wake haubadiliki. Inachelewa tu kuganda. INR hupima ucheleweshaji huo. Asiyetumia dawa huwa na INR ya 1 hivi, na mgonjwa kama baba yako hutakiwa awe kati ya 2 na 3.

Kitunguu saumu na tangawizi kazi yake kubwa iko upande wa pili, kwenye mawe. Ukisaga kitunguu saumu kibichi hutokea kemikali iitwayo alisini, nayo hubadilika kuwa nyingine kadhaa, mojawapo ikiitwa ajoini, ambayo huzizuia chembe sahani zisinatane. Kukipika hupunguza sana nguvu hiyo, ndiyo maana kilichomo kwenye mchuzi na kilichosagwa kibichi kwenye chupa si kitu kimoja hata kama idadi ya punje ni ileile. Mwaka 1990 madaktari waliandika kisa cha mzee wa miaka 87 aliyetokwa damu yenyewe ndani ya uti wa mgongo, akapooza miguu. Walichokishuku ni mazoea yake ya kula punje kama nne za kitunguu saumu kila siku. Kisa kimoja hakitoshi kuhukumu mmea, na yapo majaribio madogo ambapo wagonjwa wa warfarini walipewa kitunguu saumu kilichotayarishwa kwa namna maalumu bila kutokwa damu zaidi. Tangawizi nayo iko hivyohivyo. Kwenye maabara inazuia chembe sahani, lakini watu wenye afya walipopewa pamoja na warfarini kwa kiasi cha kawaida, INR haikutikisika.

Hebu rudia sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu ndani yake mna mtego ambao hata baadhi ya wahudumu wa afya huusahau. INR haipimi chembe sahani. Mtu anaweza kuwa na INR nzuri ya 2.5 iliyoandikwa kwenye kadi, na bado akawa anavuja damu kwa kuwa kitu kingine kimelegeza mawe huku dawa imelegeza saruji. Kwa hiyo kipimo cha baba kikirudi kizuri, msishangilie mkairudisha chupa mezani. Fizi zake ni ushahidi unaojitegemea.

Katika kapu lote la shangazi, kinachonitisha zaidi ni vile vidonge. Manjano ya kawaida kwenye chakula sina ugomvi nayo hata kidogo. Unga wake una takriban asilimia 3 tu ya kukumini, kemikali inayosifiwa, na mwili huifyonza kwa shida. Watengenezaji wa vidonge wanalijua hilo, wakafanya mambo mawili: wakaikamua kemikali hiyo mpaka ikafika asilimia 95, kisha wakaongeza pilipili manga. Piperini iliyomo kwenye pilipili manga hulizuia ini lisiivunje kukumini haraka. Katika jaribio moja la mwaka 1998, kiasi kilichoingia kwenye damu ya watu kiliongezeka mara 20. Fanya hesabu: kidonge kimoja cha miligramu 500 chenye ukali huo kinabeba kukumini ya gramu 15 hivi za unga, yaani vijiko vya chai vitano, tena katika hali inayofyonzwa vizuri zaidi. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa onyo baada ya mgonjwa wa warfarini, ambaye INR yake ilikuwa imetulia, kuanza kutumia bidhaa ya manjano. Katika wiki chache INR ilipita 10. Kwenye kiwango hicho damu inaweza kutoka bila hata kujigonga.

Mimea mingine nitaipitia upesi, maana najua orodha ya shangazi haijaisha. Karafuu ina yujenoli inayozuia chembe sahani. Mafuta yake makali yasinywewe, ya kwenye pilau hayana neno. Kamomili, ambayo watu huiona chai ya watoto, ilihusishwa na mama mmoja wa miaka 70 nchini Kanada aliyekuwa akitumia warfarini: aliinywa kwa wingi na kujipaka losheni yake, akalazwa akiwa na damu tumboni. Ginkgo, mti ambao majani yake hutengenezewa vidonge, huhesabiwa pamoja na hizi. Mdalasini husingiziwa: una kemikali iitwayo kumarini, na jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba unafanya kazi ya warfarini. Haufanyi. Kumarini tupu haizuii damu kuganda. Ikizidi, inachoweza kudhuru ni ini.

Na ipo mimea inayovuta upande wa pili, ambayo huzungumzwa kidogo mno. Majani yoyote ya kijani kibichi, na hasa yaliyokaushwa yakasagwa unga wa kukoroga, yana vitamini K ambayo huipinga warfarini. Jinsengi ya Marekani, mmea ambao mzizi wake hutumiwa kama dawa, ilipojaribiwa kwa watu ilishusha nguvu ya warfarini. Mmea uitwao St John's wort, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hulichochea ini liivunje dawa haraka. Mgonjwa wa namna hii havuji damu wala hapati alama mkononi. Anaonekana mzima kabisa mpaka siku ya kiharusi. Baba asikatazwe mboga za majani, azile kwa kiasi kinacholingana wiki kwa wiki, na dozi ya dawa itapangwa kulingana na mlo wake.

Habari ya sumu ya panya ni ya kweli, tena ukimsimulia shangazi yote naamini ataipenda, kwa kuwa inaanzia kwenye mmea. Miaka ya 1920, huko Kanada na kaskazini mwa Marekani, ng'ombe walikuwa wakivuja damu mpaka kufa baada ya kukatwa pembe au kuhasiwa. Daktari wa mifugo Frank Schofield aligundua kuwa walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova tamu, mmea wa malisho, yaliyoota ukungu. Klova isiyo na ukungu haikuwadhuru. Ukungu ndio uliokuwa ukiigeuza ile kumarini isiyo na madhara kwa damu kuwa kemikali nyingine, dikumaroli. Mwaka 1933 mkulima mmoja alisafiri katikati ya dhoruba ya theluji hadi kwenye maabara ya Karl Paul Link huko Wisconsin akiwa na mzoga wa mtamba wa ng'ombe, ndoo ya damu isiyoganda na mzigo wa majani hayo. Ilimchukua Link na wenzake miaka kadhaa kuitenga dikumaroli, na kutoka kwenye ukoo wa kemikali hiyo wakatengeneza warfarini. Ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 ikaidhinishwa kwa wagonjwa. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo, ni mmoja wa waliopewa.

Kwa hiyo baba yako tayari anatumia dawa yenye asili ya mmea. Kilichoongezwa na miaka ile ya maabara ni mambo ambayo chupa haina: kila kidonge kina kiasi kilekile, kipo kipimo cha kuonyesha kimefanya nini, na ipo vitamini K ya kuirudisha nyuma ikizidi. Chupa ya leo na ya mwezi ujao hazifanani hata zikitengenezwa na mkono mmoja. Kitunguu kimekuwa kikubwa, kimekaa siku ngapi, kimesagwa vipi, kijiko kimejaa au kimepungua. Shangazi hawezi kujua, nami siwezi kujua.

Ndiyo maana jibu la swali lako kuhusu kubadilisha ni hapana, na nalitoa bila kutafuna maneno. Mapigo yasiyo na mpangilio huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano. Warfarini ikitumiwa sawasawa huipunguza hatari hiyo kwa karibu theluthi mbili. Hilo limepimwa kwa maelfu ya wagonjwa. Hakuna mchanganyiko wa kitunguu saumu, tangawizi na manjano uliowahi kuonyesha kwamba unazuia kiharusi kwa mtu mwenye moyo wa namna hiyo. Kuzuia chembe sahani kwenye chupa ya maabara ni jambo moja, kuzuia donge linalofanyika polepole ndani ya chumba cha moyo usiopiga sawasawa ni jambo jingine. Hata aspirini, ambayo kazi yake kwa chembe sahani inajulikana vizuri kuliko mmea wowote, imeshindwa kufikia warfarini kwa wagonjwa hawa.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na ni la hatari. Kama ungenyamaza, kliniki wangekuta INR imepanda na kupunguza dozi ya warfarini. Baadaye chupa ikiisha, au baba akiichoka, INR ingeshuka huku dozi ikiwa imeshapunguzwa, na hapo angebaki bila kinga huku kila mtu akidhani ana kinga. Kwa hiyo uwaambie lini alianza na lini ameacha, na waombe wampime tena baada ya siku chache, kisha tena, maana warfarini huchukua siku kadhaa kutulia kila mambo yanapobadilika. Usiwasimulie tu, nenda na chupa yenyewe na kasha la vidonge.

Jino lisimfanye baba aache dawa kwa uamuzi wake. Wagonjwa wengi hung'olewa jino bila kuisimamisha warfarini; miongozo ya Uingereza, kwa mfano, huruhusu ikiwa INR iko chini ya 4 na imepimwa karibuni. Lakini kwa hali ilivyo sasa, daktari wa meno aambiwe mapema, na kama jino si la dharura litangoja mpaka damu itulie. Ombeni miadi ya asubuhi, tena mwanzoni mwa wiki, ili damu ikigoma kukoma muwe na pa kukimbilia kliniki zikiwa wazi. Mwangalie sana na atakachoandikiwa baada ya hapo. Metronidazo, ambayo hutolewa sana kwa maambukizi ya meno, huipandisha INR kwa nguvu. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini za kutuliza maumivu asiziguse. Parasetamo ndiyo salama zaidi, ingawa akiinywa dozi kamili siku nyingi mfululizo, nayo huipandisha INR, basi kliniki wajue.

Kuhusu shangazi, sioni haja ya ugomvi. Aliona kaka yake anateseka na sindano akaleta alichokijua. Mketi wawili, umshukuru, kisha umwonyeshe mkono wa baba. Mwambie: "Shangazi, dawa yako ina nguvu kweli, na nguvu yake imeikuta ya hospitali imo ndani." Sidhani kama atahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Mwombe akusindikize kliniki. Akisikia kwa daktari mwenyewe hatakuwa na la kubishana na wewe, na huenda ndiye atakayemlinda baba dhidi ya chupa ya jirani mwingine.

Baba naye asikilizwe, kwa sababu kilio chake hakihusu mimea. Amechoka na sindano na masharti. Muulizeni daktari kama anaweza kuhamishiwa dawa mpya kama apiksabani au rivaroksabani, ambazo hazihitaji INR wala kuhesabu mboga. Hazimfai kila mtu: mwenye valvu ya chuma moyoni, yaani mlango wa bandia wa moyo, hapewi, ambaye valvu yake ya mitro, mmoja wa milango ya moyo, imeziba sana hapewi, na figo lazima zipimwe kwanza. Zina bei yake pia. Lakini kwa wengi wenye mapigo yasiyo na mpangilio ndizo zinazopendekezwa siku hizi. Akihamia huko, chupa bado hairudi. Damu inaweza kuvuja vilevile, na safari hii hakuna hata INR ya kututonya.

Chai ya tangawizi msiiondoe. Ameinywa miaka yote hiyo na INR yake ilitulia nayo ikiwemo, kwa hiyo dozi yake ya dawa imeshaihesabu. Abaki na kiasi kilekile alichozoea, na uitaje kliniki pamoja na mengine. Ila umwangalie asije akaanza kuipika kali mara mbili kufidia ile chupa.